Kitaliana cha Pwani, Kiarabu cha Chuoni, Kiingereza cha Ubaoni

Nikienda kwetu Kiwengwa, pwani ya mashariki ya Unguja, siku hizi, suala ninaloulizwa na kina mama wenzangu ni moja: mtoto aanzishwe Kiingereza akiwa na umri gani, na je, tuache kumsemesha Kiswahili nyumbani ili hicho Kiingereza kiingie vizuri? Wananiuliza mimi kwa sababu kazi yangu ni kutembeza wageni Mji Mkongwe, na wamenisikia nikizungumza na Wataliana kama niliyezaliwa kwao. Jibu langu huwa refu, na wengi hukumbuka chungu kilichoachwa motoni kabla sijafika katikati. Hapa hakuna chungu, basi nitasema yote.

Nilikulia Kiwengwa miaka ya tisini, wakati hoteli za Wataliana zinajipanga ufukweni. Kabla sijabaleghe nilikuwa nimeshakutana na lugha tatu zaidi ya Kiswahili cha nyumbani, na kila moja ilinijia kwa njia yake. Kiarabu nilikisoma bila ya kukifahamu. Kitaliana nilikifahamu bila ya kukisoma. Kiingereza nilikiandika daftarini bila ya kukisema wala kumsikia mtu akikisema. Utoto ulikuwa mmoja na masikio ni hayo hayo mawili, lakini nilichopata katika kila lugha hakifanani hata kidogo. Ndiyo maana mtu akiniambia "mtoto hushika lugha yoyote, muanzishe tu mapema," huwa namuuliza: amuanzishe vipi, na nani?

Chuo kilikuwa cha kwanza. Tulipelekwa kabla ya skuli, tukakaa chini kwenye jamvi, juzuu mbele yetu, kila mtu akisoma pahala pake kwa sauti na bado maalim akimsikia aliyekosea. Maana ya aya hakutueleza; hayo, alisema, yatakuja. Alichokitaka ni herufi itoke inapostahiki: ain isisikike kama alifu, qafu isisikike kama kafu, na penye shadda herufi ikazwe, isipitiwe juu juu. Ukikosea unarudishwa nyuma, na bakora iko pembeni. (Bakora siitetei. Wapo walioacha chuo kwa ajili yake na hawakurudi tena.) Mtu anaweza kusema kuwa huko si kujifunza lugha, na ni kweli: nilihitimu msahafu nikiwa siwezi kuomba maji ya kunywa kwa Kiarabu. Lakini sikio na ulimi vilikuwa vimeshafanya kazi kubwa bila ya mimi mwenyewe kujua, na faida yake niliiona pahala ambapo maalim asingependa kusikia.

Mama yangu alikuwa akilima mwani. Kilimo hicho cha biashara kilianza Unguja mwaka 1989, Paje na Jambiani, kikaenea haraka pwani ya mashariki, na waliokishika zaidi ni wanawake. Siku za bamvua, maji yakitoka mbali, kina mama huingia na kamba zao na tai-tai (vikamba vya kufungia mwani), na watoto hubaki mchangani kuchungana wenyewe kwa wenyewe. Pale pale palikuwa na nyumba iliyokodiwa na mama mmoja wa Kitaliana aliyefanya kazi hotelini, mwenye binti wa rika langu. Walikuwa wakiondoka masika tu, hoteli zinapofungwa, kisha wanarudi.

Binti huyo ndiye mwalimu wangu wa Kitaliana, na mimi ni wake wa Kiswahili, ingawa hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa akimfundisha mwenzake. Tulicheza mdako tukihesabu kwa lugha ya anayerusha jiwe. Tulitafuta kaa majabalini. Tuligombana sana, na nadhani tulijifunza zaidi katika magomvi, maana mtu mwenye hasira hasubiri uelewe polepole. Haukupita muda akawa anatukana kwa Kiswahili cha kwetu hasa, mpaka mama akanigombeza mimi kwa matusi yaliyotoka kinywani mwa mtu mwengine.

Mambo mawili hayakunipa tabu, na sikujua kuwa ni mambo mpaka nilipowaona watu wazima wakihangaika nayo. La kwanza ni ule mkazo. Kwa Kitaliana, pala ni sepetu na palla ni mpira. Tofauti yote iko katika kuikaza hiyo l. Kwa mtoto wa chuoni hiyo ni shadda, kitu alichokwisha kupigiwa bakora. La pili ni namna maneno yanavyofuatana. Sisi tukisema vikombe vyangu vizuri, ile vi inakwenda nasi mpaka mwisho. Mtaliana akivitaja vikombe hivyo hivyo, le mie belle tazze, maneno yake yote nayo yanageuka kulifuata jina. Kwa Mwingereza, changu na vyangu ni neno lile lile. Nimewasikia wageni wa Kiingereza waliosoma Kitaliana miaka mingi wakijikwaa hapo kila sentensi, na mimi sikuwahi kuelezwa na mtu kwa nini. Mtoto aliyekwisha kuzipanga ngeli zetu zote kichwani, jinsia mbili za Kitaliana si mzigo kwake.

Kaka yangu alianza Kitaliana akiwa na miaka zaidi ya ishirini, alipoajiriwa hotelini kuhudumia mezani. Na hapa kuna jambo ambalo wanaousifu utoto huliruka: alikwenda mbio kuliko nilivyokwenda mimi. Kwa miezi michache alikuwa akieleza mambo ambayo mimi ilinichukua miaka kuyafikia, kwa sababu alikuwa na kamusi, alikuwa na daftari, na alijua kuuliza kitenzi hiki kikiwa wakati uliopita kinakuwaje. Si yeye peke yake. Catherine Snow na Marian Hoefnagel-Höhle, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1978, waliwafuatilia wasemaji wa Kiingereza waliohamia Uholanzi, kuanzia watoto wa miaka mitatu mpaka watu wazima. Katika miezi ya mwanzo waliotangulia ni vijana wa miaka 12 hadi 15 na watu wazima; waliokuwa nyuma ni wale wadogo kabisa. Mtoto hana kasi. Ana muda, na hana haya.

Mpaka leo kaka anaandika barua za Kitaliana ambazo mimi siwezi kuziandika mpaka yeye azipitie. Lakini akifungua mdomo, wageni wanajua. Grazie kwake ni "grasie", figlio ni "filio". Pala na palla tu ndiyo hachanganyi, na wenzake wa hotelini ambao hawakupita chuoni wanazichanganya kila siku. Hilo ndilo lililonifanya niamini kuwa zile asubuhi za jamvini zilituachia kitu sote wawili, hata yeye aliyekuja kukitumia akiwa mtu mzima. Kwa kazi yake Kitaliana alicho nacho kinamtosha na kinabaki, na mshahara wake ni mkubwa kuliko wangu.

Faida iliyonikaa mimi zaidi si ya matamshi. Bei ya mwani iliposhuka mama aliongeza kazi ya kuwapaka wageni hina ufukweni, nami nikawa mdomo wake. Kumsemea mtu mzima ni kazi nzito kwa mtoto. Mama atasema, "Mwambie huyu bibi asitikise mkono, hina itaharibika. Mbona hatulii, kama mtoto?" Sehemu ya kwanza niifikishe, ya pili niimeze. Mgeni akisema bei ni kubwa na kazi yenyewe haioni kama ni kazi, natakiwa nimwambie mama kwa namna ambayo hatoufunga mfuko wake akaondoka. Nikajua mapema sana kuwa watu wawili wanaweza kuutazama mkono mmoja na kila mmoja akaona chake, na wote wawili wakawa na haki. Darasani sikuwahi kufundishwa hilo.

Adabu nayo ilikuja yenyewe. Mtoto aliyelelewa kumwamkia shikamoo kila aliyemzidi umri hapati shida kufahamu kuwa mzee wa Kitaliana haambiwi "ciao" wala "tu" (wewe ya watu wa rika), anaambiwa "buongiorno" na "Lei" (wewe ya heshima). Nilimsikia rafiki yangu akimwamkia babu wa mgeni mmoja kwa namna hiyo mara moja, ikatosha. Wavulana waliokipata Kitaliana kwa papasi, wale vijana wanaowazonga watalii, hawakuambiwa hayo, na wazee wa Kitaliana walikuwa wakikunja nyuso.

Wazee wetu walilalamika, na sioni kuwa walikosea. Watoto walikuwa wakikimbia skuli kwenda kushinda ufukweni wakipiga kelele "caramelle, caramelle", yaani peremende, na wapo waliopata Kitaliana safi wasipate cheti cha aina yoyote. Kitaliana kile hakiandikwi wala hakisomwi, na msimu ukifungwa nacho kinafungwa. Mama alinipa sharti moja, skuli kwanza na pwani baadaye, na alilisimamia kwa ukali wa mtu ambaye yeye mwenyewe hakusomeshwa.

Kiingereza kilikuwa skuli. Mwalimu anaandika ubaoni, sisi tunanakili. Anasema, tunaitikia kwa pamoja. Hakuwa mvivu. Darasa lilijaa, na yeye mwenyewe alikisoma hivyo hivyo. Miaka yote ya msingi sikumbuki kumwambia mtu kwa Kiingereza jambo ambalo alikuwa halijui na alitaka kulijua. Kisha tukaingia sekondari, karibu masomo yote yakageuka Kiingereza, na darasa lililokuwa na makelele likanyamaza. Watoto hodari wa hesabu, waliokuwa wakibishana na mwalimu, wakawa wanakariri.

Hapo Kitaliana kikanifaa nisipotarajia. Kitabu cha bayolojia kilijaa maneno marefu yaliyowatisha wenzangu, nami nikaanza kuyatambua: respiration niliijua kama respirazione, digestion kama digestione, circulation kama circolazione. Lugha zote mbili zimechota kutoka Kilatini, ila hilo sikuwa nalijua. Nilijua tu kwamba ukibadilisha mwisho wa neno unapata la pili. Nikawa nawasomea wenzangu kurasa nzima kwa kubahatisha hivyo, na mara nyingi nilipata. Kuhusu mapafu yenyewe, kazi yake nilikwisha kuisoma msingi kwa Kiswahili. Nilikuwa na kitu tayari, nilichokitafuta ni jina lake. Wenzetu ambao Kiswahili chao cha sayansi kilikuwa dhaifu walikuwa wakitafuta jina na kitu kwa pamoja.

Wadogo zangu wamekuja katika utaratibu mwengine. Sera ya Elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 ilipanga Hisabati na Sayansi zifundishwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano. Kwa hiyo siwacheki wazazi wenye wasiwasi. Wengi hawafanyi kwa kujionyesha. Wanamuona mtoto wa miaka kumi au kumi na moja anakwenda kufunzwa hesabu za sehemu kwa lugha ambayo hana wa kuzungumza naye.

Ninachobishana nao ni dawa wanayoichagua. Ya kwanza ni simu. Mtoto anawekewa katuni za Kiingereza tangu asubuhi, na mama anapata nafasi ya kufanya kazi zake, jambo ambalo nalielewa kabisa. Jirani yangu wa mjini ana mtoto anayetaja rangi zote kwa Kiingereza na hawezi kukwambia kwa Kiingereza hicho hicho kuwa ana njaa. Mwaka 2003 Patricia Kuhl na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington, Seattle, walichapisha utafiti wa watoto wachanga wa Kimarekani wa miezi tisa waliosemeshwa Kichina. Waliokaa na mtu, akawasomea vitabu na kucheza nao, waliweza kuzipambanua sauti za Kichina. Waliooneshwa mambo hayo hayo kwenye televisheni, kwa muda ule ule, hawakupata kitu. Wale ni wachanga, na mtoto wa miaka mitano huokota maneno kwenye katuni, nimeona. Lakini katuni haikasiriki usipoijibu, na rafiki yangu wa mdako alikuwa akikasirika.

Dawa ya pili ni hiyo ya kukiacha Kiswahili nyumbani. Mzazi mwenye maneno hamsini ya Kiingereza akiamua kumlea mtoto kwa hayo hamsini, amempa mtoto maneno hamsini. "Kamu, sidauni, iti": hapo hamna hadithi ya sungura na fisi, hamna kitendawili, hamna nasaha, hamna hata ugomvi wa maana. Na bibi yake amekaa barazani hana la kusema na mjukuu. Nimeingia nyumba ya namna hiyo. Bibi aliniuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, ati huyu mtoto anasema nini?" na mtoto alikuwa akiomba embe.

Kuna pia wanaonadi kuwa lugha mbili zinamuongezea mtoto akili. Hapo mimi simo. Ellen Bialystok wa Kanada ameandika mengi juu ya bongo za watu wenye lugha mbili, na mwaka 2007 yeye na wenzake walieleza kuwa, katika wagonjwa waliowachunguza, dalili za kupotewa na kumbukumbu uzeeni zilichelewa kiasi cha miaka minne kwa waliotumia lugha mbili maishani. Watafiti wengine walipozitafuta faida za namna hiyo, waliziona hapa wakazikosa pale. Zikiwepo, ni ziada. Mimi nilipata rafiki, nikamsaidia mama, nikakielewa kitabu cha bayolojia, na sasa nakula kwa lugha hiyo.

Wala hakuna haja ya pupa. Joshua Hartshorne, Joshua Tenenbaum na Steven Pinker walitoa mwaka 2018 utafiti wa watu zaidi ya laki sita waliofanya jaribio la sarufi ya Kiingereza kwenye intaneti, wakaona kuwa uwezo wa kuishika sarufi ya lugha ngeni unabaki imara mpaka umri wa kiasi cha miaka 17, ila anayetaka kuifikia kama mwenyewe ni bora awe ameanza kabla ya kupita umri wa miaka kumi hivi, maana safari ni ndefu. Aliyeanza darasa la kwanza hajachelewa. Hata la tatu.

Kinachonitisha zaidi ni kusahau, na hilo sisikii likizungumzwa. Kule Ufaransa, Christophe Pallier na wenzake waliwapima watu waliozaliwa Korea wakachukuliwa na familia za Kifaransa wakiwa na miaka mitatu hadi minane. Wakubwa sasa, hawakukitambua Kikorea kuliko Mfaransa ambaye hajawahi kukisikia. Lugha ya mama, na ilikwenda. Nilipohamia mjini kusoma, Kitaliana changu nacho kilianza kupukutika, mpaka nikawa naota kwa Kiswahili kitupu. Kilirudi nilipoanza kazi, lakini mimi nilikuwa nimekitumia utoto mzima. Mtoto anayepelekwa mwaka mmoja kwenye chekechea ya Kiingereza kisha akarudishwa pasipo na mtu wa kusema naye, mzazi asishangae ada ikiyeyuka.

Mwanangu mwenyewe ana miaka mitano. Kiswahili ni cha nyumba nzima, na sitaki mjadala juu yake. Chuoni anakwenda, kwa maalim asiyeshika bakora na anayewaeleza watoto maana ya zile sura fupi, jambo ambalo mimi sikulipata. Kitaliana anakipata Disemba, yule rafiki yangu anapokuja na mwanawe. Siku mbili tatu za mwanzo hutazamana tu, kisha inakuwa shida kuwaingiza ndani kula.

Kiingereza ndicho kilichonishughulisha, maana hakuna wa kucheza naye. Mwisho nikakumbuka kuwa jirani yetu ana mpwa wake aliyelelewa Uingereza, amerudi kukaa Unguja na Kiswahili chake kinachechemea. Nikamuomba Jumamosi awachukue watoto wa mtaa jikoni kwake, asiwafundishe chochote, awapikishe maandazi tu na kila neno liwe la Kiingereza: lete unga, usimwage, kanda vizuri, nani kanyofoa donge langu. Mwezi wa kwanza watoto walielewa kila kitu, walikula maandazi yote, na walijibu kwa Kiswahili. Akanijia amekata tamaa, anataka kuacha. Nikamwambia kuwa mimi pia nilianza kwa kusikiliza tu, aendelee, unga na mafuta nanunua mimi. Yeye mwenyewe, nimegundua, Kiswahili chake kimenyooka.